Ruzuku ya sanaa wakati wa ukata: namna ya kuiomba, kuilinda na kuitolea hesabu

Ofisa mmoja wa bajeti aliwahi kuniuliza swali dogo nikakosa jibu. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha maigizo na muziki chenye watu 14. Mwaka ule uchumi ulikuwa umeyumba, makusanyo ya kodi yameshuka, na barua ilikuwa imetufikia katikati ya mwaka wa fedha ikisema ruzuku yetu imekatwa nusu. Nilikwenda na albamu ya picha: watoto wa safu ya mbele wakicheka hadi machozi, wazee wamesimama wakipiga makofi. Yule ofisa aliifunua kurasa zote bila haraka, akaifunga, akanitazama. "Mama, mwaka jana fedha hii ililipa ujira wa watu wangapi, kwa siku ngapi?"

Sikujua. Nilimjua kila msanii wetu kwa jina, nilijua nani ana mtoto mchanga na nani anadaiwa pango la miezi mitatu. Idadi ya siku walizolipwa sikuwa nayo.

Mwaka ule hatukurudishiwa kitu. Lakini kila nilichofanya baadaye kwenye kiti cha mweka hazina, nilichokikalia miaka 19, kilitokana na swali lile. Kisha nikahamia upande wa pili wa meza, miaka mitatu kwenye kamati ya kusoma maombi ya ruzuku. Ninayoyaandika hapa yametoka pande zote mbili. Nawaandikia viongozi wa vikundi, na hasa waweka hazina, maana fedha zikiadimika ninyi ndio mnaotumwa mbele.

Serikali zenye dhiki zimewahi kutoa

Lifahamu hili kabla hujagusa kalamu, kwa sababu utaambiwa kwamba wakati wa shida sanaa husubiri. Si kweli kwamba imesubiri siku zote.

Mwaka 1935, katikati ya Mdororo Mkuu, yaani anguko kubwa la uchumi la miaka ya 1930, serikali ya Marekani iliunda shirika la ajira za umma lililojulikana kwa herufi WPA. Ndani yake ikaweka miradi ya tamthilia, muziki, uchoraji na uchongaji, na uandishi. Miradi hiyo ilipofika kileleni iliajiri watu wapatao 40,000. Walilipwa ujira kutoka mfuko uleule uliowalipa wajenzi wa barabara na madaraja, kwa hoja hiyohiyo: mtu hana kazi, ana ufundi, apewe kazi inayolingana na ufundi wake. Mchoraji Jackson Pollock alichora akilipwa na mradi wa uchoraji kabla dunia haijamjua. Waandishi Zora Neale Hurston na Ralph Ellison waliandika wakilipwa na mradi wa uandishi. Waandishi wa mradi walikwenda nyumba kwa nyumba wakaandika simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliowahi kuwa watumwa, wengi wao wakiwa wakongwe. Wangechelewa miaka kumi, simulizi nyingi zingezikwa na wenyewe.

Uingereza ilikuwa vitani mwaka 1940 lilipoanzishwa baraza la kuhimiza muziki na sanaa. Lilianza na pauni 25,000 za mfuko binafsi, serikali ikaongezea zake. Wanamuziki na waigizaji walipelekwa viwandani na kwenye miji ambayo haikuwa na jumba la maonesho. Tangu mwaka 1942 baraza hilo liliongozwa na mchumi John Maynard Keynes, na mwaka 1946 likawa Baraza la Sanaa la kudumu. Nchi haikuwa na fedha za kuchezea wakati ule. Sukari ilikuwa kwa mgao.

Hata janga la korona wengi tunalikumbuka. Mwaka 2020 Uingereza ilitangaza pauni bilioni 1.57 za kuokoa taasisi za utamaduni, na Ujerumani ikatenga euro bilioni moja, mwaka uliofuata ikaongeza bilioni nyingine.

Sasa tazama mlango fedha hizo zilikopitia. Mwaka 1935 zilipitia mlango wa ajira. Mwaka 1940 zilipitia mlango wa huduma kwa watu waliochoka. Mwaka 2020 zilipitia mlango wa watu na taasisi waliopoteza kipato kwa amri ya kufunga. Sanaa ilipoingia bajetini kama kazi au huduma, ilipata fungu. Ilipohesabiwa kuwa pambo la nyumba, ilikuwa ya kwanza kukatwa. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza, ikibana matumizi baada ya msukosuko wa fedha wa dunia, ilitangaza kupunguza fungu la Baraza la Sanaa la England kwa karibu asilimia 30 katika miaka minne. Uholanzi nayo mwaka 2011 iliamua kupunguza euro milioni 200 kwa mwaka katika utamaduni. Marekani fungu la taifa la sanaa lilitoka kiasi cha dola milioni 176 mwaka 1992 hadi takriban milioni 99 mwaka 1996.

Kwa hiyo ukiingia ofisini usiseme umekuja kuombea sanaa. Sema umekuja kuhusu ajira za watu 14 na huduma wanayoitoa, kisha uithibitishe.

Daftari

Baada ya lile swali nilinunua daftari kubwa la mistari. Nilichora safu sita: tarehe, jina, kazi aliyofanya, saa, malipo, saini. Kila siku ya mazoezi na kila siku ya onesho lilikuwa mlangoni, na hakuna aliyeondoka bila kusaini. Mwezi wa kwanza wenzangu walinung'unika kwamba nimewageuza vibarua. Mwezi wa nne mpiga kinanda wetu alikuja kuniomba nakala ya kurasa zake, kwa sababu alikuwa anaomba mkopo na alitaka kuonesha kuwa ana kipato. Manung'uniko yakaisha.

Kipimo cha kuhesabia ni siku-kazi: mtu mmoja akifanya kazi siku moja kwa malipo, hiyo ni siku-kazi moja. Watu 14 wakifanya mazoezi siku 20 na maonesho 8, una siku 28 mara watu 14, yaani 392. Ongeza mafundi taa wawili kwa maonesho 8, ni 16. Mshona maleba siku 9. Dereva siku 8. Jumla 425. Namba hiyo, 425, ndiyo unayoiweka mezani. Ukigawa ruzuku yako kwa namba hiyo unapata gharama ya siku moja ya kazi, na ofisa anaweza kuilinganisha na miradi mingine ya ajira iliyo kwenye faili lake. Sisi tulipofanya hivyo kwa mara ya kwanza tuligundua kwamba siku yetu ya kazi ilikuwa nafuu kuliko nilivyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha yetu iliishia mikononi mwa watu, si kwenye mitambo wala saruji.

Usimsahau mtu asiyeonekana jukwaani. Seremala, mlinzi, mchapaji wa mabango, anayefagia ukumbi usiku, wote wamekula kupitia onesho lile. Vikundi vingi huwaandika kama "gharama nyinginezo", na kwa kufanya hivyo hujifutia nusu ya hoja yao.

Watazamaji nao wahesabiwe. Weka mtu mlangoni na kifaa cha kubonyeza, au kata vishina vya tiketi hata kama onesho ni la bure. Usikadirie. Kwenye kamati tuliwahi kusoma ombi lililodai watazamaji zaidi ya laki moja kwa maonesho kumi, huku kiambatanisho kikionesha ukumbi wa viti 200. Kumi mara 200 ni 2,000. Huenda kikundi kile kilikuwa kizuri sana, lakini baada ya pale hakuna aliyeamini namba nyingine yoyote kwenye kurasa zake, hata zile zilizokuwa kweli.

Andika pia kiasi mlichokusanya wenyewe: viingilio, michango, kazi za kukodiwa. Wengine huficha wakidhani serikali ikijua mna kipato itapunguza. Uzoefu wangu ni kinyume. Kamati humwona anayechangia mzigo wake kuwa mtu salama wa kumkabidhi fedha.

Kuna hoja moja naomba uiache: ile ya kwamba kila fedha inayowekwa kwenye sanaa huzaa tano au saba. Najua inavyovutia. Ofisa wa bajeti huisikia kutoka kwa wakulima, watu wa utalii, wajenzi na wenye timu za mpira, wote wiki moja. Kama hujapima mwenyewe, huna cha kujibu akikuuliza umeipataje, na hapo umepoteza hata yale uliyoyapima. Siku-kazi 425 zenye saini zina nguvu kuliko wingi wa faida usio na risiti.

Wahi kabla ya ukomo

Kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni kuchelewa. Watu husubiri bajeti isomwe bungeni, waone sanaa imekatwa, ndipo waandike barua ya kulalamika. Siku ya kusomwa, mambo yamekwisha kufungwa miezi mingi nyuma. Kwa kawaida hazina hutoa mwongozo na kuipa kila wizara ukomo wake, yaani kiwango cha fedha isichoweza kukivuka, wizara huugawa ukomo huo kwa idara, idara hupanga kasma, yaani vifungu vya matumizi, na kila hatua ikipita mlango mmoja unafungwa. Tafuta kalenda ya bajeti ya nchi yako au ya halmashauri yako, na uhesabu kurudi nyuma. Sisi tulikuwa tunafika na karatasi yetu karibu nusu mwaka kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza, wakati ambapo wapangaji bado wanatafuta cha kujaza kwenye majedwali.

Ukifika, uliza swali hili kabla ya jingine lolote: fedha yetu imekaa kwenye kasma gani? Niliuliza baada ya miaka sita ya kupokea ruzuku, na jibu lilinishtua. Tulikuwa ndani ya matumizi mengineyo, pamoja na vifaa vya kuandikia, safari na viburudisho vya vikao. Ikitoka amri ya kubana matumizi, kasma hiyo ndiyo inayokatwa kwanza, bila mtu kusoma kilichomo. Hakuna aliyekuwa ameamua kuiua sanaa. Tulikuwa tumekaa mahali pabaya. Ilituchukua miaka miwili ya barua na vikao kuhamishiwa kwenye mpango wa ajira za vijana, na mwaka uliofuata panga lilipopita lilitugusa kidogo tu.

Usikae kwenye mlango wa wizara ya utamaduni peke yake. Wizara hiyo kwa kawaida ndiyo yenye fungu dogo na ndiyo yenye waombaji wengi. Idara ya kazi ina programu za vijana. Elimu inahitaji watu wa kufundisha muziki na maigizo shuleni. Hospitali, magereza, maktaba, makazi ya wazee, kote huko kuna kazi halali ya msanii na kuna kasma. Kama serikali imeamua kujenga ili kuuchangamsha uchumi, uliza kuhusu kanuni ya asilimia. Ufaransa tangu mwaka 1951 ilianza kutenga asilimia moja ya gharama ya majengo ya shule na vyuo kwa ajili ya kazi ya sanaa ndani ya jengo lenyewe, na nchi na miji mingi imefuata njia hiyo. Ni rahisi zaidi kuomba asilimia moja ya jengo ambalo limeshaamuliwa kuliko kuomba fungu jipya kabisa.

Kuna nyakati mbili nyingine za kukumbuka. Mapitio ya nusu mwaka, ambapo bajeti ya nyongeza huweza kupita. Na wiki za mwisho wa mwaka wa fedha, ambapo idara inaweza kujikuta ina bakaa isiyotumika. Weka tayari andiko fupi la kazi ndogo inayoweza kukamilika kwa siku 30, lenye nukuu za bei na majina ya watu. Tulipata hivyo fedha za kukarabati sakafu ya jukwaa, kwa sababu siku tuliyopigiwa simu karatasi zilikuwa kabatini zimekamilika.

Ukurasa mmoja

Ombi refu litaambatanishwa, lakini kinachosomwa ni ukurasa wa kwanza. Katika miaka yangu ya kamati tulikuwa na mafaili mengi na jioni chache. Ombi lililoanza na "sanaa ni kioo cha jamii" lilinilazimu kutafuta hadi ukurasa wa nne kujua wanaomba nini. Kioo cha jamii tunakikubali wote. Tuambie unataka kiasi gani, kwa ajili ya nani, kuanzia lini.

Aya ya kwanza iwe na umbo hili: "Tunaomba kiasi fulani kwa miezi 12. Kitalipa siku-kazi 425 za watu 18, ambao 11 kati yao hawana kipato kingine. Watatoa maonesho 8, manne yakiwa shuleni, na darasa la maigizo kila Jumamosi kwa wanafunzi 60. Sisi wenyewe tutachangia robo ya gharama kutokana na viingilio. Fedha isipopatikana, darasa la Jumamosi litafungwa mwezi wa pili." Hapo msomaji amejua yote ndani ya dakika moja.

Ile sentensi ya mwisho ina uzito wake, na inapaswa kuwa kweli. Usitishie kufunga kikundi kama hukusudii kukifunga. Taja huduma moja mahususi itakayokoma, wanaoitumia, na tarehe. Mwaka mmoja tuliambatanisha orodha ya wazazi walioandika kwa mkono kwa nini wanawaleta watoto Jumamosi. Diwani aliisoma kwa sauti kwenye kikao. Mzazi mmoja alikuwa ameandika kwamba mwanawe hakuwa akizungumza mbele za watu hadi alipopewa nafasi ya kuigiza. Barua kama hizo zikusanye mwaka mzima, usisubiri wiki ya kuomba.

Bajeti tatu

Andaa bajeti ya kiwango kamili, ya theluthi mbili, na ya chini kabisa. Usizioneshe zote siku ya kwanza, lakini ziwe tayari, kwa kuwa ofisa atakuuliza: "Tukikupa pungufu, utafanya nini?" Anayejibu "tutajitahidi" amekubali kufanya kazi ileile kwa fedha pungufu, na mwaka ujao atapewa hizohizo pungufu. Jibu liwe: "Kwa theluthi mbili tutatoa maonesho matano badala ya manane, na malipo ya kila mtu kwa siku yatabaki palepale."

Punguza idadi ya kazi, usipunguze ujira wa siku. Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka ule wa kwanza wa kukatwa nusu, sisi tulikubaliana kutoa maonesho yote yaliyopangwa kwa nusu ya malipo. Tuliona ni moyo wa kujitolea. Wasanii wanne hodari waliondoka kabla ya mwaka kwisha, mmoja akauza ala yake, hakurudi tena kwenye muziki. Na ofisi ikajifunza kutoka kwetu kwamba kazi ile inawezekana kwa nusu ya gharama. Tulihangaika miaka mitano kurudi tulipokuwa.

Utaulizwa pia kwa nini msipunguze gharama kama viwanda vinavyofanya. Jibu walishalitoa wachumi William Baumol na William Bowen mwaka 1966: wapiga ala wanne wanahitaji muda uleule na mikono ileile kupiga kipande cha muziki kama ilivyokuwa miaka 100 au 200 iliyopita. Kiwandani mashine humfanya mfanyakazi mmoja atoe bidhaa nyingi zaidi kwa saa, ujira unapanda na bidhaa inashuka bei. Onesho la ana kwa ana haliwezi kufanyiwa hivyo, ilhali msanii naye analipa bei za sokoni kama mfanyakazi wa kiwandani. Ndiyo maana gharama yetu hupanda daima ikilinganishwa na nyingine, hata kikundi kikiwa kinabana kila senti. Mweleze ofisa hivyo kwa utulivu. Wengi wao wamesoma uchumi na wataielewa upesi kuliko wasanii wenyewe.

Bei zikiwa zinapanda kwa kasi, andika tarehe ya kila nukuu ya bei na muda wa kuisha kwake. Ruzuku huweza kuchukua miezi kufika, na mbao ulizokadiria mwanzoni hutazipata kwa bei ile. Omba kipengele ndani ya mkataba cha kukuruhusu kuhamisha fedha ndani ya bajeti yako, hata kwa asilimia kumi tu kati ya mstari mmoja na mwingine.

Fedha yenye sharti

Wakati wa shida ndipo masharti huongezeka, na hapa nina msimamo mkali. Mwaka 1939 bunge la Marekani lilifunga ule mradi wa tamthilia ulioanza mwaka 1935, miaka minne tu, baada ya wabunge kuutuhumu kwamba umejaa siasa za kikomunisti. Mkurugenzi wake, Hallie Flanagan, alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya bunge kuutetea. Nchi nyingi baadaye ziliweka baraza katikati ya serikali na msanii, kusudi waziri atoe fungu lakini asichague mchezo upi uoneshwe. Uliza kama kwenu lipo, na kama lipo, peleka ombi lako huko.

Sisi tuliwahi kukubali kuandika igizo la kusifu mradi wa ofisi fulani, tukasomewa kila ukurasa kabla ya onesho. Fedha ilikuja kwa wakati. Watazamaji wetu wa siku zote walikaa kimya dakika 40, wakaondoka bila kutuaga. Tangu siku hiyo nimeigawa kazi ya kulipwa na serikali mafungu mawili. Kuigiza kuhusu kunawa mikono, au kufundisha shuleni, ni kazi ya heshima na tuliifanya kwa furaha: mlipaji anasema mada, sisi tunaamua namna ya kuisimulia. Kupitishwa maneno yetu mstari kwa mstari tulikataa, na tuliandika kwenye mkataba kwamba uamuzi wa kisanaa ni wa kikundi. Sentensi moja tu. Weka sentensi hiyo kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya kusaini haiingii tena.

Kama mko kwenye chama cha wasanii

Kikundi kimoja huomba ruzuku, chama kinaweza kuomba utaratibu. Mfano ninaoupenda kuupeleka mezani ni wa Ireland. Mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ilianza jaribio la kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kwa wiki kwa miaka mitatu. Waombaji walizidi 9,000, na waliotimiza vigezo walichaguliwa kwa bahati nasibu, huku kundi jingine la 1,000 lisilolipwa hivyo likifuatiliwa kwa ajili ya kulinganisha. Hicho kipengele cha kulinganisha ndicho kinachomvutia mtu wa hazina, kwa kuwa kinampa namba zake mwenyewe za kuamulia. Pendekezeni jaribio dogo lenye mwisho unaojulikana na kipimo kinachojulikana, hata kwa watu 50. Ufaransa nayo inao utaratibu wa bima ya kukosa kazi kwa wasanii na mafundi wa maonesho: mtu akitimiza saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 anastahili malipo katika siku asizo na kazi. Saa hizo lazima ziwe zimeandikwa mahali, na hapo daftari linarudi tena.

Panga likikupitia katikati ya mwaka

Usilipokee kwa simu. Omba barua. Uliza kama kiasi kimepunguzwa au kimecheleweshwa, maana hayo ni mambo mawili na yana dawa tofauti. Ndani ya wiki moja peleka mpango kazi mpya unaolingana na fedha iliyobaki, utiwe saini na pande zote, la sivyo mwisho wa mwaka utadaiwa maonesho manane kwa fedha ya manne. Waambie wasanii wako siku ileile, wote kwa pamoja, na uwaoneshe barua yenyewe. Nilipowaficha kwa majuma matatu nikitumaini mambo yatarekebishika, waliumizwa na kuficha kwangu kuliko walivyoumizwa na fedha.

Marejesho

Ruzuku ya mwaka ujao huombwa kwa taarifa ya mwaka huu. Fungua akaunti ya benki ya peke yake kwa ajili ya ruzuku, watia saini wawili, na usichanganye na viingilio. Kila risiti ibandikwe kwenye karatasi safi siku iliyotolewa, kwa sababu wino wa mashine hufutika. Piga nakala. Dereva au mshonaji asiye na risiti aandike hati ya malipo kwa mkono, jina, kazi, kiasi, saini, na shahidi mmoja. Fedha ikibaki, itaje na uombe kibali cha kuitumia, usiimalize haraka haraka kwa vitu msivyohitaji.

Katika taarifa ya utekelezaji andika pia kilichoshindikana. Mwaka mmoja mvua ilitufutia maonesho mawili kati ya manane. Tuliandika hivyo, tukaambatanisha tarehe, tukarudisha kiasi cha maonesho hayo mawili. Yule ofisa wa albamu alikuwa bado yupo. Alisoma mistari, akapiga hesabu pembeni kwa penseli, akaniuliza siku-kazi zilikuwa ngapi. Nilimwambia: 391. Akaiandika.

Taarifa hiyo ipeleke wewe mwenyewe kwa mkono, nakala mbili. Moja inabaki masjala. Nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uirudishe kabatini pamoja na daftari.